UZI: Migahawa ya Dar iliyopotea. Tuandike ilikuwa kona gani, ilipika nini, na nani walikuwa wanakaa pale

Mleta uzi

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Uzi huu ni wa wale walioijua Dar ya kukaa. Nasema kukaa kwa sababu chakula chenyewe hakijaenda popote. Chapati zipo, supu ipo, pilau ipo, tena ukitaka unaletewa na bodaboda mpaka mlangoni. Kilichoondoka ni ule mgahawa ambao mtu aliingia saa nne asubuhi kwa chai moja, akatoka saa sita amesoma gazeti la mwenzake, amesuluhishwa na shemeji yake, na amepata habari ya kiwanja kinachouzwa Tabata. Hakuna aliyemfukuza.

Nianze na New Africa, ile ya zamani. Kona ya Azikiwe na Sokoine Drive, mkabala na kanisa la Azania Front, Wajerumani walijenga hoteli mwaka 1906 wakaiita Kaiserhof. Baadaye ikawa New Africa, na veranda yake ikawa baraza la mji. Kumbukeni Dar ya miaka ya 60 ilikuwa mji gani. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilizaliwa hapa hapa Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaweka makao yake hapa mwaka uliofuata. Waandishi wa habari, mabalozi, wapigania uhuru wa kutoka kusini, makarani wa serikali, wote walipishana kwenye viti vya veranda ile, na habari ilifika pale kabla ya kufika gazetini. Jengo lile lilivunjwa, ikajengwa hoteli mpya kwenye kiwanja kile kile na kwa jina lile lile. Wenye hoteli walifanya vizuri kulitunza jina. Lakini ukipita pale leo huoni watu wamekaa wakitazama mtaa, na mtaa ukiwatazama wao.

Mbele kidogo kwenye Samora kulikuwa na Salamander. Leo hapo Samora kuna jengo refu linaitwa Salamander Tower, na vijana wengi wanaofanya kazi humo hawajui kwamba jina hilo kwa wazee wao lilikuwa na maana ya meza, kahawa na miadi. "Tukutane Salamander," basi, hukuhitaji kueleza zaidi.

Lakini moyo wangu hasa uko kwenye migahawa midogo ya chai ya Kisutu, Zanaki, Jamhuri na Mtaa wa Libya. Wengi hapa mtaikumbuka. Mlangoni kabati la kioo lenye sambusa, kababu, kachori na bajia. Meza zina marumaru juu na miguu ya chuma. Feni inazunguka polepole. Nyuma ya kaunta mpika chai ana mabirika mawili na kitambaa cha kuchujia kilichogeuka rangi ya udongo kwa miaka ya majani. Anamimina chai kutoka juu, birika moja kwenda jingine, mpaka inatoa povu, halafu anajaza vikombe vyote kwa mkupuo bila kumwaga tone. Mhudumu hakuandika kitu. Alipiga kelele tu, "Chai mbili, moja kavu!" na kule nyuma wakaelewa.

Na kuna utaratibu ambao vijana mkisimuliwa hamtaamini. Ulikuwa huagizi sambusa. Ukikaa tu, unawekewa sahani imejaa: sambusa, kababu, bajia, kila aina. Unakula unachotaka. Ukimaliza, mhudumu anatazama kilichobaki, anapiga hesabu kichwani, anakutajia deni. Iliyobaki inarudi kabatini. Hakuna aliyekuhesabia kabla. Mwenye mgahawa alikuamini na wewe ukamwamini, na hapo hamjuani hata majina.

Kwa nini ilikufa? Nitasema ninavyoona. Mwaka 1971 ilipita sheria ya kutaifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na nyumba nyingi za katikati ya mji zenye duka au mgahawa chini na familia juu zikawa mali ya serikali. Familia nyingi za Kihindi zikaanza kuhama nchi, na watoto waliotegemewa kurithi kaunta wakawa Canada na Uingereza. Halafu vita vya Uganda, 1978 na 1979, halafu ile miaka ya foleni za sukari, unga, sabuni na mafuta ya kula. Mgahawa wa chai usio na sukari utauza nini? Biashara huria iliporudi, viwanja vya katikati vikapanda thamani kiasi kwamba mtu wa kuuza chai hakuweza tena kulipa pango la pale. Na tangu 2016 wizara zilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, wateja wa mchana wa Posta na Kivukoni nao wakapungua.

Sasa karibuni. Andika kona, andika kilichopikwa, andika miaka gani. Ukikumbuka harufu, andika hata harufu.

Mzee wa Gerezani

Mleta uzi, Mungu akuweke. Mimi ni wa Kariakoo, kwa hiyo nitasema ya Kariakoo.

Kwetu tuliita hoteli hata kama haina kitanda hata kimoja. Hoteli ya Waswahili ilikuwa na sufuria nne: wali, maharage, mchuzi wa nyama, na samaki wa nazi. Asubuhi supu na chapati, au vitumbua na chai ya maziwa. Sinki la kunawia liko kwenye kona, na sabuni ya mche imekatwa kipande imefungwa kwa kamba isipotee. Ukutani redio, imefunguliwa RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza, hata vijiko vilinyamaza.

Upande wa Msimbazi kulikuwa na hoteli moja ambayo mwenyewe alikuwa Yanga wa damu, na wateja wake zaidi ya nusu walikuwa Simba, maana klabu iko hatua chache tu kutoka pale. Julai 1977 Simba walipoifunga Yanga 6-0, tulidhani kesho yake hatafungua. Alifungua. Alipika kama kawaida, alihudumia kila mtu kwa adabu, ila redio hakuiwasha siku hiyo na hakuna aliyethubutu kumwomba aiwashe. Watu wa Simba wenyewe walikula kimya kwa heshima yake. Na ndugu zangu, hao ni watu ambao usiku kucha walikuwa wamezunguka mitaa wakiimba. Wakiwa ndani ya hoteli ile walikuwa wageni wa mtu, na walijua hivyo.

Soko jipya la Kariakoo lilipofunguliwa 1975 wateja waliongezeka mno. Wachuuzi, wapagazi, madereva wa malori ya ndizi na viazi, wote walikuja kwetu alfajiri. Hoteli zilifungua saa kumi usiku. Ukitaka kujua bei ya nazi ya siku hiyo usiende sokoni, kaa tu unywe supu.

Binti wa Kisutu

Nimesoma habari ya sahani ya sambusa nikalia. Baba yangu alikuwa na mgahawa wa namna hiyo hasa, chini ya nyumba tuliyokuwa tunaishi. Sitataja jina, maana ndugu wako wengi na wengine hawapendi.

Nyumba ilipotaifishwa baba hakufunga. Ami zangu waliondoka mmoja mmoja. Yeye alisema ameshazoea kelele za mtaa huu, hawezi kulala penye ukimya. Aliendelea kuuza chai kwa miaka mingine mingi, kama mpangaji, na wahudumu wale wale aliokuwa nao tangu mimi sijazaliwa. Mmoja alitoka Rufiji, mwingine Songea. Wote walizungumza Kikachi, lugha ya nyumbani kwetu, vizuri kuliko mimi.

Kwa kuwa mleta uzi ametaka tuandike kilichopikwa, naandika sambusa za baba ili zisipotee. Nyama ya kusaga iwekwe jikoni na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi, ndimu na chumvi, ikaangwe mpaka maji yote yakauke na ianze kushika chini ya sufuria. Usitie kitunguu maji hapo. Epua kwanza, acha ipoe. Kitunguu kikatwe kidogo kidogo, kikamuliwe kwa mkono ndani ya kitambaa mpaka kiache maji yake, ndipo kichanganywe na nyama iliyopoa pamoja na kotimiri na garam masala. Wengi wanakosea hapo: wanapika kitunguu pamoja na nyama, sambusa inalowa ndani na manda inapasuka kwenye mafuta. Manda tulizipika nusu kwenye chuma cha chapati, tukazikata vipande virefu, tukazifunga kwa uji mzito wa unga wa ngano. Kazi ya kufunga ilikuwa ya watoto, tukitoka shule, kabla ya madrasa.

Kwenye chai, iliki isagwe na ganda lake. Mdalasini kidogo tu. Tangawizi itwangwe mbichi, itiwe kwenye maji yanayochemka kabla ya maziwa, kwa sababu ukiitia pamoja na maziwa inaweza kuyakata.

Kijana wa Mbagala

Wakubwa, mimi nimezaliwa miaka ya 90, nasoma tu hapa nikijifunza. Naomba kuuliza, mama yangu huwa anasema walikuwa wanakwenda Drive-in kula mishkaki na chipsi. Ilikuwa mgahawa au sinema?

Mama Oysterbay

Mwanangu, vyote viwili. Drive-in ilifunguliwa 1966 na ilikuwa pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa, ukielekea Msasani. Ubalozi ulihamia pale baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998. Magari yalipangwa kutazama ukuta mkubwa mweupe, sauti inatoka kwenye kipaza sauti kidogo unachokitundika dirishani.

Familia nyingi zilikwenda mapema kabla jua halijazama kwa ajili ya chakula na kukutana na watu, filamu ikawa ya pili. Mikeka ilitandikwa mbele ya magari, watoto wamevaa nguo za kulalia kabisa, maana watarudi nyumbani wamelala. Kulikuwa na kantini yao ya chipsi na soda, lakini akina mama wengi walikuja na vyao: kababu, mkate wa kumimina, chupa ya chai. Watu wa gari la jirani walionjeshwa. Mimi biriani ya Kibohora niliijua pale, kwa watu ambao mpaka leo sijui jina lao.

Sinema zote zilikuwa na migahawa yake ya pembeni. Empire, Empress, Avalon, Odeon, New Chox, Cameo. Zilipokufa kwa ajili ya video, migahawa ile nayo ilikwisha, kwa sababu ilikuwa inaishi kwa watu wa mapumziko na wa kutoka saa tatu usiku.

Mhudumu Mstaafu

Heshima kwenu nyote. Mimi nimevaa koti jeupe karibu maisha yangu yote ya kazi.

Nilifundishwa Forodhani. Wengi wenu mkipita Kivukoni mnalijua jengo la Mahakama ya Rufani. Lile jengo lilikuwa Hoteli ya Forodhani, na ndipo vijana wa kazi za hoteli tulipofundishwa. Kabla ya hapo, wakati wa Mwingereza, lilikuwa Dar es Salaam Club, na Mwafrika aliingia kama amebeba trei tu. Sisi tuliingia kujifunza kubeba trei ile ile, lakini tulikuwa tunamhudumia mwalimu, karani, bwana shamba aliyekuja semina kutoka Singida. Mwalimu wetu alikuwa akisema mgeni wa kwanza wa siku na mgeni wa mwisho wapewe kitambaa kisafi sawasawa.

Kilimanjaro ilifunguliwa 1965, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa hoteli ya taifa. Ipo mpaka leo kwa majina mengine, lakini ule ukumbi wa Simba Grill, bendi inapiga na watu wanacheza wamevaa suti, huo haupo.

Nataka niongeze jambo kuhusu miaka ya shida, maana watu wanaisema juu juu. Miaka ya 80 mwanzoni wateja walikuja na sukari yao. Usishangae, mtu anatoa karatasi mfukoni, anaifungua taratibu, anatia kijiko kimoja, anaikunja tena. Sisi tulimletea chai chungu na kijiko safi. Jikoni mpishi anaambiwa asubuhi kilichopo, anaandika orodha kwa chaki, saa saba mchana nusu ya orodha imefutwa. Lakini meza ziliandaliwa. Vitambaa vilifuliwa kwa maji matupu tukikosa sabuni, vikapigwa pasi, vikatandikwa. Najivunia hilo kuliko karamu yoyote niliyohudumia.

Mama Lishe Buguruni

Nawasoma kwa heshima, ila naomba nipingane kidogo na mleta uzi.

Mnasema kukaa kumepotea. Kumepotea Samora. Huku kwetu hakukupotea, kumehamia kwenye benchi. Miaka hiyo hiyo mnayoisema, mshahara wa mfanyakazi ulipokuwa haumalizi hata wiki mbili, wanawake ndio tuliotoka na masufuria. Mama yangu alianza hivyo, chini ya mti karibu na kiwanda, wali na maharage, dagaa, mchicha. Alifukuzwa, akarudi, akamwagiwa chakula, akarudi tena kesho yake. Migahawa mnayoililia, jikoni wanaume, kaunta wanaume, wahudumu wanaume, na wateja wanaume. Mwanamke angekaa pale peke yake na chai mpaka saa sita? Angeulizwa anamsubiri nani.

Benchi la mama lilikuwa la kila mtu. Fundi, mlinzi, karani, mwanafunzi, dada wa saluni. Na mkopo tuliandika kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi. Nimesomesha watoto wangu kwa sufuria, na najua vijana walioajiriwa kwa sababu walikaa benchi langu pembeni ya mtu aliyekuwa anatafuta kibarua.

Iandikeni na hiyo. Mabanda yetu yanavunjwa kila barabara ikipanuliwa, na hakuna anayepiga picha.

Mleta uzi

Mama, umesema kweli na nimeipokea. Nilikuwa natazama mji kwa upande wa Posta tu. Naomba uendelee kuandika: banda la mama yako lilikuwa kiwanda gani, na wateja walikuwa zamu ya saa ngapi? Historia ya viwanda vya Pugu Road bila akina mama waliovilisha haijakamilika.

Mhudumu Mstaafu, hiyo habari ya vitambaa kufuliwa kwa maji matupu sijawahi kuisoma popote. Tafadhali andika zaidi, hata kwa vipande.

Mwana Sinza

Mimi nitasema ya usiku. Kwetu kula kulifuatana na muziki. Ukienda Mlimani Park pale Ubungo, bendi yao ilianza 1978, nyama ilichomwa nje, mishkaki na ndizi, na ulisikia mpiga tumba akijaribu ngozi huku unasubiri nyama yako igeuzwe. Bendi ya Maquis ilipokuwa ukumbi wa White House Ubungo ilikuwa vivyo hivyo. Ulikula kwanza kwa sababu ukishaingia kucheza hutoki.

Kimara nayo ilikuwa na mabaa ya kila aina ukingoni mwa Barabara ya Morogoro. Mwaka 2017 nyumba zilipovunjwa kupisha upanuzi, mengi yalikwenda na kifusi. Barabara ni nzuri, siipingi. Ila kule Mbezi Beach makonda bado wanaita "Africana!" kwa sababu ya hoteli ambayo abiria wengi hawakuiona, na huku Kimara sioni kilichobaki hata cha kuitia kituo.

Mchora Ramani

Wakuu, nafuatilia uzi huu tangu mwanzo na nimeanza kazi. Nachora ramani ya mkono ya mji wa kati, kutoka Mnazi Mmoja mpaka Kivukoni, na kila mgahawa mnaoutaja nauweka kwenye kona yake, pamoja na miaka na chakula. Mama Lishe, nakutengea karatasi ya pili kuanzia Gerezani mpaka Buguruni, maana nisipofanya hivyo mabanda yataachwa nje. Pale Boma la Kale, Sokoine Drive, kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar. Ramani ikishatulia nitawapelekea nakala.

Nahitaji msaada kwa jambo moja. Watu watatu wameniandikia pembeni kuhusu mgahawa wa chai karibu na New Chox, Mtaa wa Nkrumah, uliokuwa unauza mkate wa siagi uliochomwa kwenye mkaa. Mmoja anasema ulikuwa ubavuni mwa sinema, wengine wanasema ng'ambo ya barabara. Ilikuwa wapi?

Mzee wa Gerezani

Ng'ambo. Ubavuni mwa sinema palikuwa na muuza tambuu na karanga, ndiyo maana wanachanganya. Ukitoka Mnara wa Saa, mgahawa ulikuwa na milango miwili, mmoja kwenye uchochoro. Mkaa uliwashwa huko uchochoroni, na mkate ulipakwa siagi baada ya kuchomwa, si kabla. Weka miaka ya 60 mpaka katikati ya 70. Baada ya hapo palikuwa duka la vipuri.

Binti wa Kisutu

Mzee yuko sahihi, ng'ambo. Mkate ulitoka kwenye tanuri la Mtaa wa Kisutu, uliletwa kwa baiskeli saa kumi na moja alfajiri, na baba alichukua kwa mtu huyo huyo. Mchora Ramani, nitakuandikia na lile tanuri lilikuwa nyumba ya ngapi kutoka kona.